Risasi kwa Kilo

Nestor tulimzika Jumamosi asubuhi, na tuliporudi kwake Umbilo kunawa mikono na kula, nilikuta wanaume wawili wamekaa kwenye ngazi za gorofa wakimsema. Mmoja alikuwa Mkongo mwenye duka la simu, mwingine kijana wa Kitanzania aliyefika Durban juzi juzi tu. Mkongo alikuwa anasimulia kwamba marehemu alikuwa mpole, hana neno na mtu, ila ndiye aliyemfunga Placide, aliwauza ndugu zake kwa polisi. Kijana akaguna, kisha akauliza kama wali umeiva. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sahani za plastiki mikononi, na hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Hawakumjua Placide. Hakuna kati yao aliyekuwa katika mji huu mwaka ule. Maneno yale waliyapokea kwa watu, na watu hao waliyapokea kwa wengine, na ukiufuata mnyororo huo nyuma, hatua kwa hatua, mwisho wake utanikuta mimi. Ndiyo maana sikuwatupia zile sahani. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kukasirika kuliko mimi, na hapakuwa na mtu mwenye haki ndogo ya kukasirika kuliko mimi. Nikaingia jikoni, nikaanza kupakua.

Habari za kwetu na jinsi nilivyofika huku naziacha, hazina kazi hapa. Nataka mwaka mmoja tu, mwaka wa Kombe la Dunia, nilipokuwa na miaka ishirini na minne, nasuka nywele katika saluni moja ya Barabara ya Umbilo na nimepanga chumba Glenwood karibu na chuo. Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu, ya sakafu ya mbao inayolia kila hatua na dari ya mabati yenye maua yaliyochorwa kwa nyundo, na mwenye nyumba alikuwa ameigawa kwa mbao nyembamba hata mtu akikohoa chumba cha mbele, wa nyuma anamwambia pole. Jiko lilikuwa moja. Ugali tuliokula ulikuwa mmoja vilevile, lakini Wakongo waliuita bukari, vijana wa pale waliuita pap, na mimi nilisimama katikati na mwiko nikiwaambia wote kwamba unaitwa ugali na mjadala umefungwa. Nilikuwa nimesoma ualimu wa Kiswahili miaka miwili kabla mambo hayajaharibika, na katika nyumba ile, ambamo Kiswahili kilikuwa na Kifaransa mbele na Kizulu nyuma, niliona nimeletwa na Mungu kukisafisha. Waliniita Mwalimu kwa utani. Mimi niliupokea kama cheo.

Placide alikaa chumba cha nyuma kabisa, kilichokuwa stoo ya chakula zamani. Alitoka Likasi, alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwao alikuwa amesoma kemia mwaka wa pili kabla ya vyeti vyake kuungua pamoja na nyumba. Durban alikuwa mlinzi wa magari: fulana ya manjano, barabara iliyo kando ya chuo, kutwa juani akiwaonyesha watu pa kuegesha. Mmoja wa hao watu alikuwa profesa, mama wa Kizungu mwenye gari dogo la bluu, ambaye siku moja alimkuta anasoma karatasi za kemia juu ya boneti ya gari la mtu. Wakazungumza. Profesa alikuwa anaandaa maonyesho ya jinsi watu wa Ulaya walivyoyeyusha mawe kupata madini, miaka mia nne na mia tano iliyopita, na alikuwa na picha nyingi lakini hakuwa na mtu wa kuwasha moto. Placide akamwambia yeye anaweza. Profesa akasema kama kweli ataweza kuwaonyesha wageni, ataandika barua idara impokee asome bila vile vyeti vilivyoungua. Barua hiyo ndiyo ilikuwa kila kitu. Nasema hivyo ili msomaji ajue mapema ni nini kilichopotea, maana wengine wakisikia habari hii huuliza kwani alipoteza nini.

Alipewa nakala za picha za kitabu cha zamani, akazibandika ukutani juu ya godoro lake mpaka mahali pa kutundika shati pakakosekana. Mwanzoni nilizichukia. Zilikuwa picha za wanaume wenye kofia na aproni za ngozi, tanuru zilizopangwa kama majiko ya mama ntilie, milima iliyokatwa miti yote ili ipatikane mkaa, na gurudumu kubwa la mbao linalozungushwa na maji ya mto ili lisukume mivukuto miwili, mmoja ukivuta pumzi mwingine unatoa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu wakichagua mawe, kama tunavyochagua mchele, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina. Placide alizieleza zile picha kila jioni tukingoja maharage yaive. Ndani ya jiwe kuna shaba, alisema, na ndani ya shaba mna fedha kidogo imejificha, na moto peke yake hauwezi kuzitenganisha. Lakini ukiongeza madini mengine, yale mazito, laini, ya kijivu, yanaikusanya fedha yote, kama mafuta ya kukaangia yanavyobeba harufu ya kitunguu. Kisha unayaweka juu ya kikombe cha majivu ya mifupa na kuyapuliza kwa moto mkali. Yanageuka, yananywewa na majivu. Fedha hainywewi. Inabaki peke yake.

Haya yote aliyasema kwa Kiswahili chake cha Likasi. Madini yale mazito aliyaita plomb, fedha akaiita argent, shaba akaiita cuivre, na mimi nikawa namkatiza kila sentensi. Nilimwambia plomb si Kiswahili, ni risasi. Akacheka, akauliza kama nataka awapige watu. Nikampa somo, nimesimama, mwiko mkononi: risasi ni jina la madini yenyewe kwanza, ile ya bunduki iliitwa hivyo kwa sababu ilitengenezwa kwa madini hayo, na fedha vilevile ni madini kwanza, pesa baadaye. Nakumbuka nilivyojisikia nikisema hayo. Nakumbuka hata sufuria iliyokuwa jikoni.

"Mwalimu, kwetu tunasemaka plomb, na bantu bote banasikia," akasema.

"Bantu bote si watu wote," nikamjibu. "Ukienda mbele ya watu, sema risasi."

Nyumba nzima ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa namna hiyo, ukimsahihisha anashukuru. Tangu siku hiyo akaanza kusema na kuandika risasi na fedha kila mahali, hata kwenye ujumbe wa simu, na kila akiandika vizuri alikuja kunionyesha. Nikamsifu. Heri ningeuziba mdomo wangu kwa ule mwiko.

Tanuru aliijenga uani, nyuma ya kamba za kuanikia nguo, kwa matofali ya ukuta ulioanguka na udongo aliouchanganya na nyasi. Mto hatukuwa nao, wala gurudumu, kwa hiyo mvukuto ukawa draya yangu ya zamani ya kukaushia nywele, iliyokuwa inatoa upepo lakini imekataa kutoa joto. Mifupa aliiomba kwa mwuza nyama, akaichoma mpaka ikawa myeupe, akaitwanga kwenye kinu changu na kuipepeta kwa kichujio changu cha chai, nami nikanuna siku mbili. Kikombe cha kwanza alikikanda kwa maji, kikapasuka. Karatasi zilisema wale mafundi waliyalowesha majivu kwa bia. Placide alikuwa mlokole, mwimbaji wa kwaya, na kwake kuonekana na chupa lilikuwa jambo zito. Alilifikiri wiki nzima, mwisho akanituma mimi, akisema mimi sijaokoka, sina cha kupoteza. Nikaibeba ile bia ndani ya mfuko wa nywele za bandia. Kikombe cha pili hakikupasuka.

Karatasi zilisema pia kwamba fundi mkuu, kabla ya kusimama mbele ya moto ule, alikula siagi ili mvuke wa risasi usimdhuru tumboni. Placide alijua kikemia kwamba siagi haizuii kitu. Alifunga kitambaa puani, akasimama upande upepo unakotoka, akatukataza kusogea. Lakini siagi vilevile aliinunua, kopo kubwa, kwa sababu alitaka kufanya kama walivyofanya, na Jumapili ile baada ya ibada tulikaa kwenye veranda tukala mkate uliopakwa siagi nene kama sabuni, watu sita, kila mmoja akidai anajikinga. Kisha akawasha. Profesa alikuwa amempa jiwe moja tu la kujaribia, la kijani na jeusi, na risasi ililetwa na Trésor, rafiki yake aliyefunga matairi ya malori katika karakana moja Clairwood, ambako vile vipande vidogo vya risasi vya kusawazishia magurudumu vinang'olewa na kutupwa. Ilichukua mchana mzima. Nilishika draya mpaka mkono ukafa ganzi. Karibu na saa kumi na moja jioni ile shanga ndogo iliyokuwa inazunguka kwenye kikombe, yenye utando wa rangi rangi juu yake, ghafla ikajivua utando, ikang'aa mara moja, ikatulia. Ilikuwa na ukubwa wa punje ya mtama. Placide alivua kofia, akakaa chini kwenye majani, akafuta macho kwa ile fulana yake ya ulinzi. Siku zote zilizofuata huwa nairudia saa ile, kwa sababu baada yake sikumwona tena akiwa mzima hivyo.

Sasa nimweleze Nestor. Alikuwa Mrundi wa Gitega, aliyeacha seminari, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hata akienda dukani. Kazi yake ilikuwa ukalimani: polisi wakimshika mtu asiyejua Kiingereza, au mahakama ikimpata, wanamwita Nestor. Watu walimhitaji na hawakumpenda, kama watu wanavyomwona mchimba makaburi. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, na alikiheshimu kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Alikuwa na daftari la maneno, na neno likimtatiza alinipigia simu saluni, anauliza, anaandika maana, na pembeni anaandika jina la aliyemweleza. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye nikaona sifa: mkalimani wa serikali ananiuliza mimi. Nikawa naweka simu kwenye kipaza sauti ili wateja wasikie.

Wiki ya maonyesho, Placide alimwandikia Trésor ujumbe. Nilikuwepo, alinisomea kabla ya kuutuma, na nikamwambia safi, hakuna kosa hata moja. Aliandika: "Kaka, leta risasi kilo kumi kabla ya Jumamosi. Bila risasi fedha haitoki. Watu watakuwa wengi na nataka wote waone." Alhamisi polisi waliingia karakana ile ya Clairwood kutafuta matairi ya wizi, wakachukua simu za wafanyakazi wote. Mwaka ule, mashindano yakikaribia, polisi waliona bomu hata ndani ya mfuko wa mchicha. Simu ya Trésor ilikuwa na ujumbe wa lugha wasiyoijua, kutoka kwa mtu aliyehifadhiwa kwa jina la Ingénieur, yaani Mhandisi, ndivyo Trésor alivyomwita Placide. Wakamwita Nestor ausome. Nestor hakujua Ingénieur ni nani, wala hakuwahi kufika uani kwetu. Lakini alikuwa mtu makini, na neno kilo lilimkwaza. Akaomba ruhusa atoke nje kidogo, akanipigia.

Nilikuwa na kichwa cha mteja nusu kimesukwa, wengine watatu wanangoja, na simu ikiwa kwenye kipaza sauti. Akaniuliza kama risasi iko na maana ingine. Hakusema kwa nini, hakuruhusiwa kusema. Nikamwambia risasi ni risasi, ya bunduki, hata mtoto anajua. Nilisikia magari kwa nyuma, na mtu akimwita kwa Kizulu.

"Mwalimu, tafadhali, fikiri tena. Hata kama inapimwa na kilo?"

"Risasi hata ukiipima kwa debe ni risasi," nikasema.

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Mteja niliyemsuka alitikisika mpaka kitana kikaanguka. Nestor akasema asante, akakata, na mimi nikaokota kitana nikiwa nimeridhika na jibu langu. Watu huniuliza, wale wachache niliothubutu kuwadokezea, ilikuwaje nisahau somo nililolitoa kwa mdomo wangu mwezi mmoja kabla. Sikusahau. Sikutafuta. Ulikuwa umekuja mzaha mzuri kwenye ulimi, na watu walikuwa wanasikiliza, na ulimi hauna mfupa. Lau angenipigia nikiwa peke yangu, ningemjibu kama mwalimu.

Ijumaa nilirudi nyumbani nikakuta kamba za nguo zimekatwa na tanuru imepigwa mateke mpaka ikawa udongo tu. Vijana wa chumba cha mbele walinieleza. Walikuja saa nane na magari mawili, wakamlaza Placide kifudifudi kwenye yale majani aliyokalia Jumapili. Majivu ya mifupa waliyachukua ndani ya mfuko wa plastiki, wakiamini ni dawa za kulevya. Walichukua vikombe, draya, picha zote za ukutani, hata ile shanga ya fedha iliyokuwa ndani ya kibiriti juu ya dirisha. Siagi waliiacha, imefunguliwa, kwenye meza ya jikoni. Niliifunika. Kijana mmoja akasema polisi walikuwa na karatasi iliyotafsiriwa, inasema risasi za bunduki kilo kumi, watu wengi, pesa. Eish, sista, akasema, nani amewasomea hivyo? Mimi nikawa nimeshika mfuniko wa siagi, na hapo hapo nikajua.

Jumatatu nilikwenda kwa profesa. Sitamtaja, na sitamsemea mabaya zaidi ya aliyoyafanya. Ofisi yake ilikuwa na zulia na birika la umeme. Maonyesho yalifanyika Jumamosi vizuri, alisema, walitumia picha na video badala ya moto. Alisikitika sana kuhusu Placide. Nilimwomba aje mahakamani aseme maneno matatu tu: nilimpa mawe mimi. Akasema chuo kina taratibu zake, kwamba hakumruhusu mtu kuwasha moto nyumbani, kwamba angeshauriana na wahusika. Aliniuliza kama ninataka chai. Nilimkatalia chai yake kwa hasira ambayo bado naipenda hadi leo, kwa sababu ndiyo pekee ya mwaka ule iliyokuwa safi. Wale mabwana kwenye picha zake walikuwa na mto, msitu, na mfalme wa kuwalinda, na vitabu vikaandikwa juu yao. Huyu alikuwa na draya, na alifanya kazi ileile kwa mikono ileile, akaitwa gaidi.

Siku ya mahakama nilikaa benchi la nyuma. Nestor alikuwa amesimama kando ya kizimba, shati limepigwa pasi, na alipoletwa Placide na pingu nilimwona Nestor akishtuka, kwa sababu walikuwa wanafahamiana, walisali kanisa moja. Ujumbe ukasomwa. Placide akajieleza kwa Kiingereza chake cha barabarani, kwamba risasi ni plomb, ni madini, kwamba kuna profesa. Hakimu, mwanamke mwenye miwani mnyororoni, alisikiliza vizuri kuliko nilivyotazamia. Akamgeukia Nestor, akamuuliza kama neno hilo lina maana nyingine, na kama lina, alithibitisha kwa nani kabla ya kutia sahihi tafsiri. Nestor akageuka taratibu, akatazama mabenchi. Akaniona. Pasipoti yangu ilikuwa na viza iliyokwisha miezi saba nyuma, na yeye alilijua hilo, kwa sababu ndiye aliyewahi kunisomea barua ya watu wa uhamiaji. Sikutikisika. Miaka mingi nilijiambia ni kwa ajili ya pasipoti. Si kweli. Niliona aibu. Niliona aibu kusimama mbele ya watu na kusema kwamba Mwalimu alikosea Kiswahili.

Nestor akamwambia hakimu kwamba kosa ni lake peke yake na anaomba radhi. Akasema, "Sikuuliza mtu."

Kesi ikaahirishwa ili yale madini yapimwe. Miezi miwili na zaidi ikapita kwa vipimo vya kitu ambacho mtu yeyote angekijua kwa kukikwaruza na kucha. Mashtaka yakafutwa. Lakini karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imeisha akiwa ndani, kwa hiyo alipotoka mlango huu watu wa uhamiaji wakamshika mlango wa pili, wakampa siku chache aondoke nchini. Idara ilikuwa imeshafunga kupokea wanafunzi. Nilimsindikiza kituo cha mabasi na mkate wa siagi ndani ya foili. Mashindano yalikuwa yamekwisha, watoto bado wanapuliza mavuvuzela mitaani. Miezi michache baadaye akanipigia kutoka Likasi na kuniuliza kitu kimoja: "Uyu Nestor, nilimukosea nini?" Nikamjibu sijui. Leo analinda malori mpakani. Simwiti fundi wala mwanafunzi, yeye mwenyewe hajiiti hivyo.

Nestor naye kazi ikamwishia siku ile ile mahakamani. Halafu watu wetu wakamalizia. Kwenye saluni nilisikia kila kitu, maana saluni ndiyo gazeti letu: kwamba alilipwa na polisi, kwamba Warundi ndivyo walivyo, kwamba alimwonea Placide wivu kwa sababu ya kwaya. Dukani walimhudumia mwisho. Kanisani benchi lake likabaki na nafasi pande zote mbili. Mteja mmoja akaniuliza, Mwalimu, wewe si alikuwa anakupigia simu, hakukuuliza neno lile? Nikasema hapana, nikaongeza kwamba watu wengine hawapendi kuuliza. Niliongeza. Hakuna aliyenituma kuongeza. Alipata kazi ya kulinda ghala Clairwood, akaifanya mpaka figo zikamshinda, na akipita mbele ya saluni aliinua mkono kunisalimu. Nilimkasirikia kwa salamu ile. Nilimkasirikia kwa kutonisema, kwa sababu mtu akikusema unaweza kugombana naye, lakini huyu alininyima hata ugomvi. Mtu anaweza kumchukia aliyemwokoa, naijua chuki hiyo vizuri, niliilea miaka kumi na minne.

Basi Jumamosi hii ya mazishi, wali ulipokuwa umeliwa, mjane wa Nestor aliniita chumbani. Tunamwita Mama Divine. Kitandani palikuwa na shati la marehemu lililopigwa pasi ambalo halikutumika kumzikia. Akafungua Biblia, akatoa karatasi iliyokunjwa, ukurasa wa daftari uliokatwa kwa wembe. Ofisi ya wakalimani ililitaka daftari lake baada ya ile kesi, akaniambia, waone kama kweli hakuuliza mtu. Nestor aliukata ukurasa huo mbele yake, akampa autunze. Niliutambua mwandiko. Risasi: ya bunduki. Maana ingine: hakuna. Ya kilo: hakuna. Na pembeni, kama kawaida yake, Mwalimu. Chini, kwa wino wa rangi nyingine, alikuwa ameongeza neno moja la Kifaransa, plomb, bila jina la mtu.

"Alisema ukikuja kuuliza, nikupatie," akasema Mama Divine. "Nimengoja. Haukukuja."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Nilitafuta hasira yangu, ile niliyoingia nayo kutoka kwenye ngazi, iliyokuwa tayari kwa wale wanaume wawili, kwa profesa, kwa polisi, na nikaikuta ipo, nzima, lakini sasa ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea. Nikatoka chumbani, nikaenda sebuleni. Watu walikuwa wanapokezana kusema neno la buriani, maneno mafupi ya tahadhari, ya watu wanaomsifu marehemu kwa shati lake. Nikasimama kabla ya kuitwa. Nikausoma ule ukurasa wote, pamoja na jina la pembeni, nikasema jina hilo ni langu, na kwamba kilichoagizwa Clairwood hakikuwa cha bunduki, ilikuwa ni plomb tu, ya magurudumu. Mwenye duka la simu aliinamisha kichwa. Yule kijana wa Kitanzania, ambaye hakujua kitu chochote na kwa hiyo ndiye pekee aliyeweza kuuliza, akaniuliza kwa adabu, shikamoo yake bado mbichi mdomoni, plomb ndiyo nini kwa Kiswahili.

"Risasi," nikamwambia. "Ina maana mbili. Siku aliyoniuliza, nilikuwa nazijua zote."